Pasi ya Kona ya Kushoto

Mazoea yana taabu. Tangu Twiga azikwe, Sindano, nahodha wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, alikuwa bado anarusha pasi kwenye kona ya kushoto, alikozoea kusimama rafiki yake huyo. Mechi ya kwanza ya mashindano mpira ulitoka nje mara sita, wakafungwa vibaya.

"Mwanangu, unampasia nani?" kocha alifoka.

Sindano hakuacha. Mechi ya pili wapinzani wakaanza kuichunga ile kona, maana mtu mwenye akili timamu harushi mpira patupu bila hila. Kapu likabaki wazi. Wenzake wakajifunza kupenya upande wa pili, wakashinda, wakashinda tena, hadi fainali.

Siku ya fainali kona ililindwa mwanzo mwisho na msichana mmoja wa miraba minne. Sindano na wenzake walishinda kwa pointi moja. Wakati wa kupeana mikono, msichana yule alikuwa anahema, ubavu ameushika.

"Yule mrefu wenu wa kona ana viwiko, jamani," alisema. "Mbona yeye haji kunipa mkono?"