Sega la Kuacha

Munyi alikuwa ameingiza mkono hadi begani ndani ya gogo la mti wa mukau, mzinga mpya wa nyuki, akilikwangua kwa patasi ya mpini mrefu, wakati homgadi, mgambo wa serikali, aliposimama mbele ya kibanda na kumziba mwanga.

"Mzee, Kamanda anataka asali. Debe mbili, kabla ya Alhamisi."

"Debe mbili za nini?"

"Za pombe ya siku ya mlolongo. Si unajua baba yake anastaafu?"

Nani asiyejua? Chifu Kivuti alikuwa amekalia lokesheni ile miaka ishirini na miwili. Ndugu yake alikuwa mzee wa mahakama. Shemeji yake ndiye aliyegawa vyeti vya uaminifu, na asiye na cheti alikuwa si mtu. Mwanawe Njeru aliongoza mahomgadi, yaani alikuwa na bunduki thelathini na neno la mwisho. Sasa serikali ilisema watu wachague chifu mpya wenyewe, kila mtu apange mlolongo nyuma ya amtakaye. Waliojitokeza ni wawili, Njeru mwenyewe na Mwalimu Isaack wa shule ya misheni. Zamani huku Embu rika moja likichoka lilikabidhi rika jingine, wala hakuna nyumba iliyoota mizizi juu ya kiti. Wazungu wakaja, wakasema huo ni ushenzi, wakatuletea ustaarabu wa baba kumwachia mwana.

"Asali iko nje ya handaki," Munyi alisema. "Niletee pasi."

Tangu walipoondolewa mashambani na kusongamanishwa katika kijiji kilichozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha, Munyi alikwenda mizingani kwa karatasi ya ruhusa. Karatasi ilisema saa nne hadi saa tisa. Asali huvunwa jua likizama, nyuki wakiwa wamepoa, na kila mtoto wa Embu anajua hilo, lakini kafyu, amri ya kutotoka usiku, haikuuliza watoto wa Embu. Alivuna mchana. Nyuki wa mchana ni wakali kuliko mahomgadi, na wao hawahongeki.

Mizinga aliyopanda kesho yake ilikuwa ya mwanawe, Nthiga. Alama ya Nthiga ilikuwa kwenye kila kifuniko, mikato mitatu na duara, aliyoichonga mwenyewe siku ya kutundika, kama desturi inavyotaka. Mzinga usio na alama hauna mwenyewe. Ule mpya kibandani ulikuwa wake pia, na Munyi alikuwa ameuacha mtupu usoni, unamngoja mwenye mkono. Alikuwa akimngoja mwaka wa nne sasa. Nthiga alichukuliwa kwenye msako wa wapiganaji wa msituni, mwaka wa hamsini na nne, akiwa na miaka ishirini na moja, na tangu hapo alikuwa kizuizini, kambini, akichimba mifereji ya maji ya mpunga.

Munyi alipuliza moshi, akaingiza mkono, akatoa masega moja baada ya jingine. Alipofika sega la nyuma kabisa, akaliacha. Ndivyo alivyofanya siku zote. Alishuka na uso uliovimba na madebe mawili ya asali ya mwanawe, akampelekea Kamanda.

Kosa lake halikuwa uoga. Kosa lake lilikuwa hesabu.

Mwalimu Isaack alikuwa amemwandikia barua tano za kwenda serikalini kumwombea Nthiga, hakumtoza hata yai. Jibu la barua ya tano lilikuwa na mistari mitatu tu, na Mwalimu alimsomea mara mbili. Mfungwa hana kesi tena. Ataachiliwa siku chifu wa lokesheni yake atakapotia sahihi kwamba anamkubali kijijini. Munyi akaenda kwa Chifu Kivuti, akakaa uani kutwa nzima, akaambiwa, "Mimi ni mzee sasa, siwezi kuanza mambo mapya. Ngoja mwanangu." Na mwana mwenyewe, Njeru, akamsindikiza mpaka langoni akiwa amemshika bega. "Simama nyuma yangu, baba Nthiga," alimwambia. "Mengine niachie mimi."

Usiku wa siku ile aliyovuna, hakumficha mkewe kwamba atasimama nyuma ya Njeru.

"Na Mwalimu utamtazama kwa macho gani?" Wambura aliuliza.

"Kwa haya haya."

"Akipita huyo mtoto wa Kivuti, hatutoki chini yao mpaka tufe."

"Sisi tutakufa, Wambura. Nataka Nthiga atuzike."

Wambura alichukua bakuli la maji ya chumvi, akaanza kumtoa miiba ya nyuki usoni, mmoja mmoja.

Alhamisi uwanja ulijaa mapema. Bwana DO, ofisa Mzungu wa tarafa, aliketi mezani, na pembeni yake kapteni wa jeshi aliyekuja na lori la askari. Askari hawakufanya lolote. Walisimama tu kando ya lori, wakivuta sigara, bunduki zikitazama chini. Mahomgadi wa Njeru walitembea huku na huku kama wenye harusi.

"Kila mtu simama nyuma ya mtu yake," DO alisema. "Hapana ogopa. Hii ni siku yenu."

Njeru alisimama upande wa kulia, viatu vinang'aa. Mwalimu Isaack alisimama kushoto na koti lake la Jumapili, lililofuliwa mpaka likasahau rangi yake. Watu walianza kwenda. Wa kwanza upande wa kulia walikuwa jamaa za Kivuti, na hao walikwenda kwao. Waliofuata walikuwa wazee ambao Munyi aliwajua vizuri, maana alikutana nao kila mara kwenye ua wa chifu, kofia mkononi. Huyu ana wawili kambini, yule ana mkwe, yule pale ana mjukuu. Walitembea bila kutazamana.

Munyi akatembea pia. Ilimbidi apite mbele ya Mwalimu. Alikuwa amejiandaa kwa dharau, hata kwa matusi. Mwalimu alimwitikia kwa kichwa taratibu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nenda, mzee. Najua." Munyi angeona heri Mwalimu angemtemea mate.

Nyuma ya Mwalimu walisimama watu kumi na mmoja. Nyuma ya Njeru mstari ulizunguka uwanja. Kapteni alimpa Njeru mkono, na pombe ya asali ya Nthiga ikagawiwa kwa vibuyu. Munyi alipofikiwa alisema tumbo linamsumbua.

Alingoja wiki tatu, ili asionekane mwenye pupa, kisha akaenda ofisini. Kiti kilikuwa kile kile cha baba. Njeru alimpokea vizuri, akaagiza apewe chai.

"Nimekuja kwa ile sahihi ya Nthiga," Munyi alisema.

"Najua." Njeru alivuta karatasi kutoka kwenye droo, akaiweka mezani baina yao. Jina la Nthiga lilikuwapo, na chini yake pengo. "Unakumbuka nilipokuwa mdogo ulivyonichukua mizingani? Nilikuuliza kwa nini huchukui sega la mwisho, na lilikuwa limejaa."

Munyi aliweka kikombe chini.

"Ukasema, mtu akivuna yote, nyuki watahama. Waachie kitu ndani, watabaki, watakufanyia kazi mwaka hata mwaka." Njeru hakuwa akidhihaki. Alisema kwa heshima, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. "Wazee mia moja na kumi wana watu wao kule, baba Nthiga. Nikiwarudisha wote, nikihitaji watu tena watasimama nyuma ya nani?"

"Mimi nilisimama."

"Ulisimama. Na mwaka kesho kuna kura ya baraza la wilaya, ndugu yangu anagombea." Aliirudisha karatasi kwenye droo, akaifunga polepole, asiibane. "Tuvumiliane. Pasi ya mizingani nitakupa wakati wowote."

Akampa pale pale. Saa nne hadi saa tisa.

Munyi alikwenda moja kwa moja, bila kupitia nyumbani. Alipanda mzinga wa kwanza wa Nthiga, akapuliza moshi, akatoa masega. Alipofikia la nyuma mkono ulisita kwa mazoea. Kisha akalitoa. Akatoa na yale ya watoto wa nyuki, meupe, laini, ambayo hajawahi kuyagusa maisha yake yote, akayaangusha majanini. Akaenda mzinga wa pili, na wa tatu, mpaka wa sita. Alikuwa akilia, na nyuki walimuuma wapendavyo, na hakujifuta.

Alirudi kesho yake na keshokutwa, pasi mfukoni. Siku ya tatu aliwakuta wametoka, wamening'inia tawini kwa rundo moja jeusi, wanatetemeka. Aliketi chini ya mti. Karibu na saa nane rundo lilifumuka, likapanda, likazunguka mara moja juu ya kifuniko chenye mikato mitatu na duara, kisha wakaelekea tambarare, upande wa kambi ya mifereji. Munyi alisimama akawafuata kwa macho mpaka shingo ikamuuma, na saa tisa ya pasi ikampita akiwa bado amesimama hapo.