Risasi ya Babu Musallam

Mume wangu Murshid ana kabati la vioo lililojaa bastola za kale, na hana kiti alichowahi kukikalia mpaka kikapata joto. Tangu astaafu wizarani hapa Maskati amekuwa mtu wa kusimama, kufungua kabati, kulifunga, kutoka, kuwasha gari, kurudi. Ukimuuliza unakwenda wapi, atakwambia Hamriya, kuna mtu ana kitu. Kitu chenyewe ni chuma kilicholiwa na kutu chenye kitako cha mti. Mwenye nacho akishindwa kueleza kimetoka mkononi mwa nani, Murshid hakinunui. Bastola isiyo na hadithi kwake ni bomba tu, na hadithi lazima iwe ya kweli, msemaji ale yamini.

Miaka yote hiyo nilivumilia. Wako wanawake ambao waume zao wameoa wa pili. Wangu kaoa kabati. Lakini mwaka huu kabati lile lilikuja kumkalia mwanangu shingoni, na hapo uvumilivu ukanishinda.

Mwanangu ni Wijdan, binti yetu wa pekee, daktari wa meno, mwenye umri ambao shangazi zake wanaona haya kuutaja. Kampenda Bader. Bader ni mhandisi, mpole, anasali, na kwao ni watu wa Zanzibar kama sisi. Wao wako Qurum, sisi Madinat Sultan Qaboos. Kwa gari, habari za redioni haziishi umeshafika. Kasoro yake moja tu: ni mjukuu wa Mzee Hamoud, na Hamoud ni mtoto wa Azzam, na Azzam ndiye aliyepigwa risasi ya mguu na Musallam, babu yake Murshid. Bastola yenyewe ndiyo ile iliyowekwa katikati ya kabati, juu ya kitambaa cha mahameli.

Hadithi yake naijua kama jina langu. Ni Mtambile, Pemba, msimu wa karafuu. Mashamba mawili yanapakana, na mpakani pana mikarafuu ambayo kila upande unasema ni yake. Musallam akamwonya jirani yake Azzam kwa maneno, hakusikia. Akaenda na bastola ya gumegume ya marehemu baba yake, akampiga ya mguu, na Azzam akachechemea mpaka kaburini. Mamake Musallam akampokonya mwanawe bastola ingali inatoa moshi, akaifunga kanga, akaitia sandukuni, akaapa kuwa haitatiwa baruti tena. Haikutoka humo mpaka ilipofika Maskati mikononi mwa Murshid. Kila Ijumaa baada ya chakula, akiwepo mgeni, Murshid husimama akaihadithia, na akifika kwenye moshi hushusha sauti.

Tangu hapo nyumba hizi mbili hazikukanyagana. Tukahama Pemba, tukavuka bahari, tukaanza upya, watoto wetu wakasoma shule moja, na bado harusi yao hatuendi, msiba wao hatuendi, na wao kwetu vivyo hivyo. Mimi niliolewa nikaukuta ugomvi huu ndani ya nyumba, nikaufuta vumbi pamoja na vyombo vingine.

Bader alimwendea babu yake kumwomba apeleke posa. Mzee akajibu kwamba hapeleki posa kwenye nyumba iliyoweka damu ya baba yake kiooni ili wageni waitazame. Wijdan aliniletea jawabu hilo jikoni, macho makavu.

"Mama, mimi sitoroki, na siolewi na mwengine," aliniambia. "Ntangoja. Lakini nnangoja nini?"

Nilizima jiko, nikamwendea baba yake. Alikuwa mbele ya kabati, kama kawaida.

"Baba Wijdan, iondoe."

"Nikiiondoa ndiyo nimesema babu alikosea."

"Si alikosea! Kampiga mtu risasi kwa karafuu!"

"Alilinda mali yake. Na hadithi ni ya kweli, mke wangu. Ya kweli haiondoshwi kwa sababu watu hawaipendi."

"Ya kweli, ya kweli! Zote hizi unazipima kabla hujazitia humu. Hii ushawahi kuipima?"

Hapa nieleze. Bastola hizi za zamani hushindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni, na nyingi wenyewe wamekufa wakaziacha zimeshiba. Kwa hiyo Murshid kila akileta mpya huchukua mdeki, ule ufito mwembamba wa kushindilia, akautia mtutuni mpaka ukome, akaweka alama ya chaki pale mdomoni. Kisha huutoa, akaulaza kwa nje ya mtutu. Ncha ikifika kwenye tundu la kuwashia, mtutu ni mtupu. Ikiwa fupi, kuna kitu ndani.

"Ya nini kuipima?" akasema. "Hii inajulikana kuwa ilipigwa."

"Basi ipime, unifunge mdomo."

Wallahi nilisema kwa hasira tu, sikuwa nimefikiri lolote. Akachukua mdeki kunionyesha ujinga wangu. Ukaingia, ukakoma, akatia alama, akaulaza nje. Ncha haikufika. Akafuta chaki akarudia, safari hii polepole, na ncha ikasimama pale pale, mbali na tundu.

Alimimina maji tunduni, akaiacha ilowe mpaka siku ya pili ili baruti ife. Kisha akavuta kwa parafujo aliyoifunga kwenye ncha ya ufito, jasho linamtoka na kiyoyozi kinavuma. Likatoka tambara. Ikatoka gololi ya risasi, nzima, ya kijivu. Nyuma yake ikafuata baruti iliyokwisha kuwa tope.

"Alishindilia tena," Murshid akasema. "Alipiga, halafu akashindilia nyengine."

"Lini? Na mamake kampokonya inatoka moshi? Huo moshi si wewe unayetuhadithia kila Ijumaa?"

Mimi, nisiseme uongo, moyo ulinipaa kwa furaha. Kama hapakuwa na risasi hapakuwa na damu, na kama hapakuwa na damu, Mzee Hamoud alikuwa na nini cha kukataa? Nilianza hata kufikiria nguo ya harusi. Lakini Murshid siku zilizofuata alikuwa haoneki kwa kuzunguka. Anaondoka na gari, anarudi, anapanda juu, anashuka, anaitazama ile gololi, anaitia mfukoni. Usiku namsikia anafungua friji na hali chochote. Mwisho nikamwambia avae twende Qurum.

Mzee Hamoud alitufungulia mwenyewe, fimbo mkononi. Katika umri wangu wote sikuwa nimeingia nyumba ile. Alitutazama kidogo pale mlangoni, nikadhani atatufungia, kisha akasogea kutupisha. Tukamwamkia, akaitika, akatumiminia kahawa.

"Rahila angekuwepo mngekunywa kahawa ya haki," alisema. "Mwaka wa tatu huu tangu anitoke. Mimi naiunguza."

Nikasema Mungu amrehemu, na nikainamisha uso kwenye kikombe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpa pole ya mkewe.

Murshid akaitoa gololi, akaiweka mezani, akaeleza kila kitu akiwa wima. Mzee aliichukua, akaiviringisha kiganjani. Nilingoja ashangae, na hakushangaa.

"Nnajua," akasema.

"Unajua nini, Ami?" nikauliza.

"Baba alikuwa juu ya mkarafuu. Si wa kwetu. Wa kwenu, mchana kweupe, anachuma. Musallam akaja na chuma chake, akamlenga, akafyatua. Ikatoa cheche, ikatoa moshi pale tunduni, bas. Risasi haikutoka. Lakini baba kwa khofu aliachia tawi, na mguu ukavunjika alipoanguka."

"Moshi ulikuwa kweli," Murshid akanong'ona. Nilitamani kumfinya.

"Watu wakaja mbio kuuliza," Mzee akaendelea. "Babu yako aone haya kusema bastola imemgomea mbele ya adui yake. Baba aone haya kusema alikuwa juu ya mti wa mtu. Wote wawili wakasema risasi. Hawakupata kukubaliana kwa neno jengine umri wao wote. Mimi baba kaniambia akiwa kitandani hapa Maskati, siku zake za mwisho. Wanangu hawajui."

"Basi si khalas, Ami?" nikadakia. "Hakuna damu. Waambie, watoto waoane. Mficha uchi hazai."

"Mimi nishazaa, mwanangu. Ndiyo maana nnaficha." Akaiweka gololi mezani. "Wanangu wamekua na babu aliyepigwa risasi akitetea mpaka wake. Nikawape leo babu aliyeanguka kwenye mti wa wizi? Mwachieni baba yangu risasi yake. Murshid, njoo Ijumaa, mbele ya wanangu na wake zao, uniombe msamaha kwa risasi ile. Mimi ntasamehe, na posa italetwa wiki hiyo hiyo."

"Niombe msamaha kwa kitu kisichokuwa?"

"Ee."

"Ami, hadithi ya uongo mimi sinunui."

"Sikuuzii," Mzee akasema. "Nnakuomba."

Kwenye gari Murshid aliipita njia ya kuingilia nyumbani, akaenda mpaka Azaiba, akageuza, akaenda tena. Nilimsema njia nzima. Nilimwambia ameisimulia ya uongo kila Ijumaa bure, kwa wageni wanaokula halwa yetu, na leo anashindwa kuisema mara moja kwa ajili ya mwanawe.

"Zamani nilikuwa sijui," akanijibu. "Sasa nnajua. Ntasimama vipi mbele ya watu niseme uongo na huku nnajua?"

"Kwa miguu, kama unavyosimama siku zote."

Nilijuta palepale, lakini neno lilikwisha kutoka. Wijdan tulimwambia yote. Alhamisi nilimkuta anapiga pasi mwenyewe dishdasha, kanzu ya baba yake, kazi ambayo hajapata kuifanya. Kwa mara ya kwanza nilimwogopea kweli. Ningekubali Murshid aseme kuwa babu yake aliua mtaa mzima, mradi binti yangu apate nyumba yake.

Ijumaa Murshid alikubali kwenda bila kuniambia atasema nini, na tulipofika sebule ya Mzee Hamoud ilikuwa imejaa. Wanawe walikaa upande mmoja, Bader nyuma yao kainamisha kichwa, na sisi wanawake tukakaa karibu na mlango wa ndani. Halwa ililetwa, hakuna aliyeigusa. Murshid akasimama katikati ya zulia.

"Babu yangu Musallam," akaanza.

Alihamisha uzito mguu huu, akauhamishia ule. Nikaanza kusoma moyoni kila dua ninayoijua. Nilimjua mume wangu. Nilijua kwamba ataropoka mkarafuu, cheche, tawi na kila kitu, na kwamba tutatoka nyumba ile hatuna mchumba wala heshima. Mzee Hamoud alikuwa kaishika fimbo kwa mikono miwili, na nikaona kuwa naye anaogopa lilo hilo.

"Nimekuja kuomba msamaha," Murshid akasema. "Risasi ile ni ya babu yangu na marehemu Mzee Azzam. Wao washafika mbele ya Mola wao, wamalizane huko. Mimi nna yangu. Bi Rahila alipokufa nilisikia asubuhi. Nilikuwa hapa karibu, mzima, sina ugonjwa. Nilivaa, na sikuja kumzika. Ami Hamoud, hilo si la babu. Hilo nimelifanya mimi, na ndilo nnalokuomba unisamehe."

Siku ile niliikumbuka. Alivaa dishdasha nyeupe mpya akasema anakwenda kutia petroli, akarudi adhuhuri, na mimi sikumuuliza kitu kwa sababu nami nilijua mjini kuna msiba gani. Nilikuwa nimeshinda nyumbani nikipika, nikijiambia kwamba si wetu. Machozi yalinitoka mbele ya wake za watu, sikuyafuta.

Wanawe Mzee walitazamana. Walikuja kusikia habari za bunduki, hawakujua walifanye nini hili.

"Nilikuona," Mzee Hamoud akasema.

Murshid akainua uso.

"Siku ile. Gari yako ilipita mbele ya nyumba. Ikazunguka, ikapita tena. Nikasema, huyu anatafuta pa kuegesha. Watu walikuwa wengi, gari zimefika mpaka barabara kuu. Nikawaambia wanangu hawa wasogeze za kwao, wakuachie pahala hapa mlangoni. Pakakaa wazi mpaka magharibi."