Ofisi ya Mamer

Ndugu yangu Mamer alienda Lodwar kwa semina ya malaria siku nne, akarudi Kakuma mjinga kuliko alivyoondoka. Nasema hivyo nikiwa dada yake wa tumbo moja.

Ilikuwa mapema mwaka wa tisini na nane, baada ya ile mvua iliyokataa kukoma. Mamer alipita kambi yetu ya wakimbizi nyumba kwa nyumba akihubiri neti, kifua mbele, na watu wakampigia makofi. Nyuma ya nyumba yake mwenyewe kulikuwa na shimo alimochimba udongo wa tofali, limejaa maji ya kijani na viluwiluwi vya mbu. Tofali mia tatu mbichi, bado hazijachomwa, alizipanga chini ya turubai. Eti anajenga ofisi ya kupokea wageni wa semina. Ofisi, mtu ambaye kuandika jina lake tu kunamtoa jasho.

Mkewe Ajok alikuwa na mimba ya miezi sita. Ile ya mwaka uliotangulia ilitoka kwa malaria, na juma lile homa ilikuwa imemrudia. Zahanati walimtibu, wakamwambia neti ni sawa, lakini maji yale yaondolewe. Kwa joto letu hakuna anayelala ndani, kwa hiyo nilimfungia neti nje kwenye miti minne. Sasa neti itamsaidia nini jioni, anapopika hatua kumi kutoka shimoni, miguu imejaa mapele?

"Mamer, fukia hilo shimo," nilimwambia.

"Dada, mimi ndio nimesoma hii kitu. Neti inatosha. Nikifukia, udongo ya tofali nitatoa wapi?"

"Kwa kichwa yako."

Hakucheka. Alisema sisi wanawake hatujui mipango, akapanda gari kwenda Lodwar kwa semina ya pili.

Asubuhi iliyofuata nilichukua jembe. Udongo wa kando ulikuwa umesombwa na mvua, wa kufukia ukakosekana. Nikabaki nikilitazama lile turubai, mimi na mdomo wangu wote, bila kuthubutu. Ajok ndiye aliyelivuta. Miaka mitatu nilimdharau kwa upole wake. Nilimwambia akae chini, akakataa, akawa ananipa tofali moja moja nikizivunja ndani ya shimo. Kufikia adhuhuri udongo ulikuwa umerudi ulikotoka.

Mamer alirudi siku ya tatu. "Nani ameharibu ofisi yangu?"

Nilifungua mdomo, Ajok akaniwahi. "Mimi. Neti inanifunika nikilala. Nikipika, unanifunika na nini?"

"Na wageni watakaa wapi?"

"Hapa." Alikanyaga udongo ule mbichi. "Wakikaa, wakuulize hii mimba ni ya ngapi, na ile ya mwaka jana iko wapi. Wewe mwenyewe utawajibu."

Mamer alinigeukia nimtetee. Nikampa mgongo, nikakaa na wifi yangu kuchambua maharagwe.