Kuepuliwa

Mama mshonaji alikuwa akipita ukumbini na kikombe kitupu mkononi aliposikia mke wa mwanawe akisema jikoni kwa sauti ya chini: "Mama tumwepue mapema, kabla mambo hayajaharibika."

Mwanawe akaguna tu. Mguno ule ndio uliomchoma mama. Asiyekubali angesema.

Alirudi chumbani kwake, kile cha nyuma, bila chai, akakaa mbele ya cherehani asiikanyage. Neno lile alilijua tangu utotoni. Marehemu mama yake akimwambia epua maharagwe, epua maji, maana ilikuwa moja: toa chombo motoni, weka pembeni. Kinachoepuliwa ni chombo. Mtu haepuliwi, labda yule aliyekwisha kuiva, anayesubiri kupakuliwa tu.

Tangu siku hiyo akawa macho. Alimfuma mwanawe, fundi bomba, akikipima kitanda cha mama kwa utepe, naye akajidai anatafuta bisibisi iliyoanguka. Mkwewe, ambaye ni msusi na kunyamaza hakujui, sasa alinyamaza kila mama alipotokea. Jirani mmoja aliwahi kuchukuliwa kwa maneno matamu kwenda kukaa na ndugu wa mbali, hakurudi hata kufuata viatu. Basi mama mshonaji akawa anaonja mchuzi kwa ncha ya ulimi, na kabati analifunga kwa ufunguo hata akienda msalani. Wakimwuliza kulikoni, anasingizia panya.

Jumapili uvumilivu ukamwishia. Alimkuta mkwewe ameshika tambara, ameinama juu ya sufuria.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi nimeiva au nimeungua? Maana nasikia naepuliwa."

Msusi akaitua sufuria taratibu, akafuta mikono. Hakukana. Alimwita mumewe, kisha akamwongoza mama hadi chumba cha nyuma, akakishika kiganja chake na kukiweka ukutani, pale kichwani pa kitanda. Ukuta ulikuwa wa moto kama mwili wa mwenye homa. Upande wa pili waokaji mikate walikuwa wamejenga tanuri jipya, na kizunguzungu kilichokuwa kikimpata mama, ambacho yeye aliusingizia uzee, kilianza wakati huohuo. Msusi akaeleza kwamba kwao neno lile halikuishia jikoni. Mtoto akicheza kwenye jua kali, mtu huambiwa amwepue. Bibi yake alizoea kusema epua, epuka na epusha ni ndugu wa tumbo moja. Walitaka kumhamishia chumba cha mbele, wakashindwa pa kuanzia, kwa kuwa hiki alikijenga na marehemu mumewe.

Mama mshonaji aliondoa kiganja ukutani. Maelezo yalikaa sawa, tena sawa mno, kama nguo uliyoshonewa na fundi usiyemwamini.

"Sufuria haiulizwi," akasema. "Mimi niulizeni."

Mwanawe akatazama chini. "Mama, utakubali kuhamia chumba cha mbele?"

Aliwaacha wangoje hadi chakula kikapoa, ndipo akakubali. Mwanawe alibeba kitanda. Cherehani mama aliikokota mwenyewe, hakutaka mkono wa mtu. Jioni ile alikula sahani nzima. Lakini ufunguo wa chumba cha nyuma aliufunga kwenye pindo la nguo yake, na walipomwomba, akasema bado anautafuta.