Kanisa Lililoleta Jani Bila Mbuzi

Usiku wa jana niliota kanisa la misheni likibisha hodi kwangu.

Lilisimama katikati ya migomba, limeinamisha mnara lisije likavunja mikungu, na mbele yake lilishika jani la sale, lile ambalo kwetu Uchaggani mkosaji humpelekea aliyemkosea. Ni jani zito. Anayeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe.

"Shikamoo, Mzee Melkiori," lilisema, ingawa limenizidi umri.

"Marahaba," niliitikia. Sikuona sababu ya kuikataa.

Mke wangu Skolastika alichungulia kutoka jikoni. "Baba Aurelia, mwambie mgeni asiegemee ndizi zangu. Na huyo aliye nyuma yake ni nani?"

Nyuma yake ulikuwapo mlango wa stoo ya bweni, peke yake, bila ukuta. Niliutambua. Mimi na mdogo wangu Kanuti tulisoma katika bweni la misheni hiyo. Kanuti alikuwa na miaka tisa bruda mlezi alipoanza kumwita stoo baada ya sala ya jioni. Siku moja mtoto alitoka humo, akapita mezani bila kula, akapita langoni, akaenda zake. Hajarudi. Baba yetu alipouliza, aliambiwa mwanawe ametoroka kwa utukutu.

"Nimekuja kuomba msamaha," linasema kanisa. "Pokea jani."

"Kwa kosa gani?"

"Yale yaliyopita."

"Yaliyopita hayana jina?"

Kanisa linakohoa. Njiwa wanatoka madirishani. "Bruda yule alikwisha kufa, mzee wangu. Nami nimeezekwa upya. Hata mabati si yale."

"Bawaba zangu ni zile zile," unasema mlango. "Nilifungwa kwa ndani. Mtoto aligonga. Mkuu wa misheni alipita, akasikia, akaendelea na rozari yake."

Hapo hatupo tena shambani. Tumo bwenini, na vitanda vyote vinausikiliza mlango, mashuka yamevutwa hadi kidevuni.

"Anayerithi shamba hurithi na kesi ya mpaka," ninaliambia kanisa. "Tena jani haliji peke yake. Mkosaji huja na jani na mbuzi. Jani huomba, mbuzi hulipa. Au ulipotubatiza ulidhani umetuosha hata desturi zetu zikatoka?"

"Nitakusomea misa."

"Misa ni kazi yako ya kila siku. Mbuzi yuko wapi?"

Kitanda kimoja kinacheka, kisha kinajikaza.

"Wataka mbuzi wa namna gani?" linauliza kanisa kwa sauti ndogo.

"Namtaka Kanuti. Kama yu hai, mlete, umtunze hadi mwisho wake. Kama amekufa, mlete tumzike katika migomba ya baba yake. Kisha utamke mbele ya watu kwamba hakuwa mtukutu. Aliikimbia nyumba yako."

"Sijui alikokwenda."

"Hata mimi sijui. Lakini leo wewe una miguu."

Kanisa linaitazama miguu yake. "Nikimwona, nitamjuaje?"

"Akicheka huziba mdomo kwa mkono, kwa sababu ya pengo."

"Meno yatakuwa yamekwisha kuota, mzee wangu."

"Hayo sikuyaona," nikasema.

Kanisa lilinirudishia heshima kwa kuinamisha mnara, likashika njia ya Taveta, likiinua kizingiti chake kama mama anavyoinua kanga penye matope. Mlango ukalifuata.

Nikaamka. Kulikwisha kupambazuka, na ukungu ulikuwa umefunika kilima chote cha misheni. Skolastika alikuwa ameketi kitandani, ametega sikio.

"Baba Aurelia, saa kumi na mbili imepita. Mbona kengele ya kanisa haijalia? Tangu nilipoolewa hapa haijakosa hata siku moja."

"Limetoka," nilimjibu. "Leo pika ndizi za watu watatu, si wawili."