Mguu wa Fundi

Mguu wa kulia wa Fundi ulianza kushona saa mbili asubuhi, kwenye benchi la hospitali, bila cherehani wala kitambaa. Vidole chini, kisigino juu, kisigino chini, vidole juu. Alilikandamiza goti kwa mkono, mguu ukatulia kidogo. Alipoondoa mkono, ukaendelea. Miaka arobaini na miwili ya kukanyaga cherehani ilikuwa imeufundisha jambo moja tu, na kila mwenyewe alipopata wasiwasi, mguu ulirudi kazini.

"Unamshonea nani hapa?" aliuliza wifi yake, aliyekaa pembeni na kikapu mapajani.

"Niache, wifi."

"Mwanamke wa kujifungua hatetemeki hivyo. Mtoto mwenyewe wa jicho, hata nepi hataki." Akaligeukia benchi zima. "Wifi yangu leo anajifungua, jamani. Na kaka yangu amekufa mwaka wa sita huu, kwa hiyo msiniulize baba ni nani."

Watu walicheka. Fundi hakucheka. Alikuwa na jicho moja tu duniani, na ndilo hilo walilokuja kulipasua. La kushoto lilikwenda akiwa na miaka kumi na tisa, siku sindano ya cherehani ilipokatika juu ya turubai na kipande kikaruka. Kwa hiyo mtu asimweleze yeye habari za sindano na jicho. La kulia ndilo lililomlisha na kumsomeshea watoto, mpaka mtoto wa jicho alipoanza kulifunika kidogo kidogo. Mwanzo alisingizia taa. Kisha akasingizia uzi, kwamba siku hizi wanatengeneza uzi wa ovyo. Mwisho alimshonea mwalimu mmoja suruali, mwalimu akaijaribu pale pale, akatia mikono mifukoni, mikono isiingie. Mifuko ilikuwa imefunguka kuelekea magotini. Siku hiyo Fundi aliifunika cherehani kwa shuka akalia. Jicho hili likipona, ataifunua. Likiharibika, hana la akiba.

Kilichomfikisha kwenye benchi lile ni mdomo wa wifi yake. Wifi huyu, dada wa marehemu mumewe, alikaa naye nyumba moja tangu msiba, na kwa kuongea hakuwa na breki. Miaka miwili nyuma naye alipata mtoto wa jicho, upande wa kushoto. Alikuja hospitali hii hii peke yake, kwa sababu Fundi alikuwa amezama kwenye sare za shule, akarudi jioni na bandeji usoni na gauni la kijani mkononi. Gauni, alisema, ni zawadi ya wagonjwa wajasiri. Fundi alilikata akashona foronya mbili.

"Hata sikuhisi," wifi alimwambia kila siku kwa miezi miwili iliyopita. "Ni kama mtu anakupangusa vumbi. Kufumba na kufumbua, kwisha!"

Fundi aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Kila alipoogopa alijiambia: wifi yangu, mwoga wa hata mende, hakuhisi kitu.

Lakini jana daktari, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, alimwambia jambo ambalo wifi hakulitaja. Atakuwa macho. Ganzi itaua maumivu, ila akili zake atakuwa nazo zote.

"Kitu kimoja tu nakuomba, mama. Usitikisike. Hata kidogo. Una kikohozi? Mikono au miguu inatetemeka?"

"Hapana," alijibu Fundi, huku mguu wake chini ya meza ukimaliza upindo wa shuka zima.

Sasa nesi wa matone alipita kwa mara ya tatu. Alimwinua Fundi kidevu, akamtonea dawa ya kupanua mboni, akaikagua alama ya kalamu aliyokuwa ameichora juu ya nyusi ya kulia. Kisha akasimama akimtazama wifi.

"Samahani mama, tunafahamiana?"

"Mimi? Uso wangu unafanana na wa watu wengi," alisema wifi, haraka mno.

"Hapana, subiri. Wewe si yule mama aliyetoroka? Mwaka juzi! Tumeshakulaza kitandani, tunageuka, hatukuoni. Tulikutafuta mpaka chooni. Na gauni letu ukaondoka nalo!"

Wifi aliinama akajifanya anatafuta kitu kikapuni.

"Foronya," alisema Fundi taratibu.

Nesi alitazama huku na huku, akajua amemwaga mtama. Ili kufunika, alichukua kipimo cha presha, akamfunga Fundi mkononi. Alikisoma mara mbili.

"Imepanda. Nakupa nusu saa. Ikibaki hivi, daktari hataligusa jicho. Utarudi mwezi ujao."

Fundi alijijua. Akirudi nyumbani leo, mwezi ujao hautamwona hapa, wala ule wa baadaye. Atakaa kando ya cherehani iliyofunikwa mpaka giza limkute. Nesi alipoondoka, aliuliza bila kugeuka.

"Kwa hiyo hukufanyiwa."

"Sikufanyiwa."

"Na ile bandeji?"

"Nilinunua duka la dawa. Nikajifunga mwenyewe njiani."

"Na jicho?"

"Naona mwanga tu, wifi. Ukisimama upande huu, sikuoni."

Fundi alihisi damu ikimpanda masikioni. "Miaka miwili unanidanganya! Wewe unalo la pili. Mimi ninalo hili, hili peke yake! Ulitaka nitangulie mimi, uone kama nitatoka mzima?"

Wifi alikisokota kishikio cha kikapu. "Mwanzo, ndiyo," alisema. "Sitakuficha. Baadaye nikawa nakusikia unavyoniuliza rangi ya uzi, nyeusi au bluu, na mimi mwenyewe nabahatisha. Nikasema, hata kama ni uongo, acha umfikishe."

"Walikuumiza nini mpaka ukakimbia?"

"Hawakunigusa. Waliniambia nisiongee." Wifi alimsogelea. "Usicheke. Nesi alisema, mama, kuanzia sasa robo saa, usiseme neno. Nikalala pale. Nikaona maneno yananijaa kifuani, napaliwa nayo. Nikajua nitasema tu, na nikisema uso utacheza, kisu kitateleza. Wangeniambia nisitikisike, ningelala kama gogo. Lakini nisiongee, wifi!"

Siku nyingine Fundi angeangua kicheko mpaka ashike mbavu. Leo aliuona mguu wake, ukikanyaga, ukikanyaga, na akamwelewa wifi kuliko alivyopenda. Hasira ilimtoka, na pale ilipotoka pakabaki woga mtupu. Hapakuwa na mtu aliyekwenda kule akarudi bila kuhisi. Hilo halikuwahi kutokea. Maneno yote aliyoyashika yalikuwa hewa, na mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa hatua kumi kutoka benchini.

"Nenda kaninunulie maji," alimwambia wifi, kwa sababu alitaka kuwa peke yake.

Alijikaza kisabuni. Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Alijiuliza anaogopa nini zaidi, kisu au shuka juu ya cherehani, na kila alipojiuliza jibu lilibadilika. Nesi aliporudi na kipimo, Fundi alitoa mkono kama mtu anayesubiri hukumu.

"Imeshuka," alisema nesi. "Si sana, lakini inatosha. Tunakwenda, au na wewe unataka kutoroka na gauni?"

Fundi alisimama. "Twende kabla sijabadilisha mawazo."

Walimvika kofia, wakamlaza kwenye kitanda chembamba, wakamwosha uso kwa dawa ya baridi. Sindano ya ganzi iliingia kando ya jicho, akauma meno. Wakamfunika kitambaa chenye tundu moja, na kupitia tundu lile taa ikamshukia, nyeupe, bila umbo.

"Tunaanza, mama," ilisema sauti ya upole.

Maumivu hayakuwepo, ni kweli. Lakini kusema huhisi kitu! Alihisi mkono wa mtu unakaa juu ya shavu lake na kufanya kazi, alihisi maji yakitiririka sikioni, na rangi zilivunjika na kuungana mbele yake. Kisha mashine ikaanza kuvuma. Sauti ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, na Fundi aliitambua mara moja. Hiyo ilikuwa kazi ya mguu. Daktari alikuwa na kanyagio chini ya kitanda. Sauti ikipanda, amekandamiza. Ikishuka, amelegeza.

Na mguu wa Fundi ukajibu. Sauti iliposhuka, mguu ulidhani mshono unakwama katikati, ukakandamiza kuuongezea mwendo. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

"Nani anatikisa kitanda?"

Upole ulikuwa umeisha katika sauti ile. Mashine ilinyamaza.

"Ni mimi," alisema Fundi chini ya kitambaa, midomo ikisogea kwa shida. "Mguu wangu. Jana nilikudanganya, daktari. Mimi ni fundi cherehani. Ukikanyaga, na mimi nakanyaga."

Daktari aliuliza, "Unaweza kuuzuia?"

"Siwezi."

"Nesi, mshike mguu."

Mikono ilimkamata kifundo cha mguu, na mguu ukapambana nayo kama kuku anayekamatwa. Mpaka kiuno kikacheza.

"Mwache," alisema daktari. "Mama, nisikilize. Nipo katikati ya kazi. Hapa siwezi kusonga mbele ukitikisika, na siwezi kuacha. Unanielewa?"

Fundi alielewa. Aliuamuru mguu utulie kwa jina la marehemu mumewe, kwa jina la watoto, kwa kila kitu kitakatifu alichokijua. Mguu haukusikia. Haukuwahi kusikia. Miaka yote ile haukuwahi kusimama kwa amri ya kichwa. Alipofika kwenye kona ya kola hakuuambia mguu simama. Kiganja chake cha kulia kilitua juu ya gurudumu la cherehani, gurudumu likakwama, na mguu ukakwama nalo.

"Gurudumu," alisema.

"Nini?"

"Mkono wa kulia. Nipe kitu cha mviringo nikishike. Haraka, mwanangu."

Nesi alimpa ngumi yake. "Hiyo ndogo," alisema Fundi. Vyombo viligongana, kisha chini ya kiganja chake kikaingizwa kitu cha chuma, baridi, kilichoviringana. Lilikuwa bakuli limegeuzwa kichwa chini. Fundi alikitua kiganja ukingoni mwake, akakandamiza.

Mguu ukasimama.

"Usiliondoe," alinong'ona.

"Siliondoi, mama," alisema nesi.

Mashine ikavuma tena. Ikapanda, ikashuka, na iliposhuka mguu ulitaka kuruka, lakini kiganja kilikandamiza na mguu ukakwama. Woga haukwenda popote. Ulimlalia kifuani tangu mwanzo hadi mwisho, naye akalala chini yake, mkono juu ya bakuli la hospitali, akipumua.

"Tumemaliza," alisema daktari. "Sasa unaweza kukanyaga."

Walimfunga jicho pekee alilokuwa nalo, akabaki gizani. Wifi alimshika mkono kumpeleka wodini, na njiani wakagonga ukuta mara mbili, maana wote wawili walikuwa wanatembea kwa jicho moja.

"Ilikuwaje?" aliuliza wifi alipomkalisha kitandani. Aliuliza kwa sauti ndogo.

"Niliogopa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna maumivu, lakini utahisi. Unahisi mtu yumo jichoni mwako. Na usije ukamwambia mtu mwingine kwamba hakuna kitu."

Wifi alifungua kikapu chake. Alimlisha, kijiko baada ya kijiko.

Asubuhi daktari alifungua bandeji. Kwanza weupe, kisha ukungu tu. Alipepesa. Machozi yalimtoka, ukungu ukatoka nayo.

"Vidole vingapi?"

"Vitatu." Akasogeza uso karibu. "Na kola ya koti lako, daktari, imeshonwa na mtu mwenye haraka. Ameruka mishono mitatu hapo kwenye kona."

Daktari aliishika kola akacheka. Fundi hakuweza kucheka. Alilia kwa sauti, na hakumwonea mtu haya.

Nje, wifi alikuwa amekaa chini ya saa ya ukutani. Fundi alimtazama, na kwa muda akasahau kumwita. Alikuwa amekonda lini? Mvi zile zilianza lini? Na kwenye mboni ya kushoto kulikuwa na doa jeupe kama kifungo cha shati, limekaa wazi pale, na kwa miaka miwili walikula meza moja bila yeye kuliona.

"Unaona?" aliuliza wifi.

"Naona kila kitu. Hata usichotaka nione."

Wifi aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akajifuta pua. "Nimeongea na yule nesi. Kuna nafasi wiki ijayo. Nimemwambia nitamjibu baada ya robo saa." Akaonyesha saa juu ya kichwa chake. "Nihesabie, wifi. Ukiniona nafungua mdomo, basi, turudi nyumbani."

Akaufunga mdomo.

Fundi aliinua uso. Mshale wa sekunde ulikuwa mwembamba kama uzi, na alikuwa anauona kila ulipodunda. Dakika ya nne mashavu ya wifi yalivimba. Dakika ya saba alianza kujibana vidole. Dakika ya kumi na moja alipita binti mmoja wa mtaani kwao, akasimama mbele yao akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Wifi alimtazama Fundi kwa macho ya mtu anayezama. Kuacha salamu ya mtoto wa watu ianguke chini! Machozi yalimlengalenga, kidevu kikamcheza, lakini midomo ilibaki imefungwa.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Fundi. "Msamehe huyu. Yuko kazini."

Mshale ulizunguka mara ya kumi na tatu, ya kumi na nne, ya kumi na tano.

"Zimetimia, wifi," alisema Fundi.

Wifi hakufungua mdomo. Alitikisa kichwa, akainua kidole kimoja kuomba aongezewe dakika, na Fundi akairudia saa kuhesabu dakika ya kumi na sita.