Mkeka Mmoja, Malipo Mamoja

Mwaisha alipoitaja nyama ya kondoo, Scholastika alijua kwamba keshalipishwa.

"Kuna kunde," Mwaisha alisema, mikono yake ingali na majivu ya jikoni. "Kuna kambale wa Ngerengere, wamevuliwa leo asubuhi. Na kuna kondoo."

"Kambale, jamani," alisema Pili, aliyekuwa mdogo kuliko wote pale mkekani. "Kondoo tumemla mpaka tunakaribia kuota pembe."

"Kondoo," alisema Bi Chausiku. "Sinia moja, kama kawaida."

Aliposema hivyo hakumtazama Scholastika. Alitazama ukuta. Kama angemtazama na kucheka, Scholastika angesema ni mzaha, na mzaha huwa na mwisho wake. Lakini mtu anayetazama ukuta anajua anachokifanya.

Walikuwa wanawake saba wa Matombo. Kila baada ya wiki mbili waliteremka Morogoro na ndizi, machungwa na vitunguu, wakauza sokoni, kisha wakala mchana uani kwa Mwaisha, karibu na stesheni, kabla ya kuanza safari ya kurudi. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu reli ya Wadachi, watawala wa Kijerumani, ifike mjini. Vibarua walikuwa wengi kuliko vyakula, na mzigo uliokuwa ukioza Matombo sasa uliisha kabla jua halijawa kali. Mume wa Scholastika alikuwa kwenye reli hiyohiyo, mbali huko ng'ambo ya Kilosa, akitafuta fedha ya kuilipa serikali kodi ya nyumba. Mizigo ya kichwani ndiyo iliyomlisha yeye na watoto.

Na mizigo hiyo haikubebwa na mtu mmoja mmoja. Njia ya Mkuyuni ilikuwa na chui, na ilikuwa na wanaume waliotoroka kazini ambao walikuwa wabaya kuliko chui. Mwaka uliopita Modesta wa bondeni aliteremka peke yake. Alirudi bila tenga na bila kanga, na mpaka leo hajasema kilichompata wala hajakanyaga barabara tena. Kwa hiyo mwanamke aliyetaka kuuza mjini alihitaji msafara, na msafara ulikuwa wa Bi Chausiku. Yeye ndiye aliyejua njia, ndiye aliyepatana na walinzi wa soko, na usiku wa njiani waliulala Kiroka, nyumbani kwa dada yake. Nje ya msafara wa Bi Chausiku hapakuwa na soko.

Sheria ya kula aliitunga yeye. Mkeka mmoja, malipo mamoja: aliyekaa analipa sawa na mwenzake. Aliitunga kwa sababu nzuri. Zamani kila mmoja alilipa alichokula, na kila safari iliishia kwa ugomvi wa nani alichovya mchuzi wa nani. Sheria ile ilimaliza ugomvi. Hata Scholastika aliisifu alipoingia msafarani, kabla hajajua kwamba kitoweo chenyewe kingekuwa kondoo.

Ukoo wa mama yake haugusi kondoo, na kwa Waluguru ukoo wa mama ndio ukoo. Padri alikwisha kumwambia kwamba mwiko ni giza la zamani. Mama yake alikwisha kumwambia kwamba padri hana ukoo hapa. Scholastika alikuwa amebatizwa, alikwenda misa, alifunga Kwaresima, na hakula kondoo. Hakuona sababu ya kuchagua kimoja.

Safari ya kwanza aliposema hali, Bi Chausiku alilivuta fungu lake la nyama akalitia kando ya lake mwenyewe, akasema kinachobaki ni cha mkubwa. Scholastika akala wali kwa chumvi, kwa sababu hata mchuzi ulikuwa wa kondoo, akalipa hela nane za shaba kama wenzake. Safari ya pili vilevile. Safari ya tatu alimfuata pembeni, akamwomba kwa adabu zote, shikamoo yake mbele, kwamba waagize mbuzi au samaki. Bi Chausiku alimjibu, "Nimesikia, mwanangu." Siku hiyo akaagiza kondoo.

Leo ilikuwa ya nne.

Sinia ililetwa. Wali ulikuwa mlima katikati, nyama imepangwa pembeni mafungu saba, kama Mwaisha alivyozoea. Wanawake walinawa. Bi Chausiku alinyoosha mkono kulivuta fungu lililokuwa mbele ya Scholastika.

"Liache," alisema Scholastika.

Mkono ulisimama.

"Unakula leo?" aliuliza Bi Chausiku. "Kumbe maji ya padri yamefika ndani."

Wanawake walicheka. Pili alicheka kuliko wote, mdomo umejaa wali.

"Sikusema nakula. Nimesema liache. Ni langu."

"La kufanyia nini?"

"Bi Chausiku, langu nitalipangia mwenyewe."

"Hapa hatuhesabiani matonge," alisema Bi Chausiku, sauti yake sasa ikiwa ya yule aliyezoea kuamua. "Watu wakila pamoja, mmoja hupata zaidi, mwingine pungufu. Kesho inageuka. Huo ndio ujirani. Anayetazama mkono wa mwenzake siniani hajalelewa."

"Matonge hatuhesabu, kweli. Hela tunahesabu. Na kesho hiyo naingoja tangu safari ya kwanza, haijageuka."

"Basi usikae mkekani."

"Nisipokaa mkekani, nitatembea na nani?"

Wote walijua kwamba hilo ndilo swali lenyewe, na kwamba Bi Chausiku alilijua kabla yao. Scholastika aliona nyuso zilivyoinamia wali. Alitazama uso mmoja mmoja: wanawake aliowabebea watoto, waliokunywa maji ya kibuyu chake njiani. Hakuna hata mmoja aliyeinua macho. Hasira ya safari nne ikamfanya aone kila kitu waziwazi.

Alichomoa kipande cha jani la mgomba kwenye tenga lake, akakikunja mara mbili ili vidole visiguse, akalizoa fungu lake lote. Akasimama. Akatoka uani mpaka barazani, ambako vibarua wa reli walikuwa wameketi wakingoja chakula.

"Nani anataka nyama ya kondoo?" aliuliza. "Ina moto bado. Hela nne."

Bakuli la nyama kwa Mwaisha lilikuwa hela tano. Mikidadi, kibarua mmoja mwenye mabega ya kubeba mataruma ya reli, alilitazama jani, akamtazama na yeye.

"Ina nini nyama yako, dada, hata uikimbie?"

"Haina kitu. Kuna watu wanaoipenda mno, basi. Unanunua au huinunui?"

Mikidadi alinunua. Wenzake wakamcheka kwamba amepata mke wa saa moja wa kumpakulia. Scholastika alikuwa bado ameshika zile hela nne kiganjani Mwaisha alipotokea mlangoni na mwiko wa kupakulia mkononi.

"Nini hiki?" alisema Mwaisha. "Mimi nanunua kondoo, nalipa mchinjaji, nalipa kuni, nalipa mteka maji. Wewe unakuja kuuza nyama barazani kwangu, kwa wateja wangu, chini ya bei yangu?"

"Nyama nimeilipia, Bi Mwaisha."

"Kwanza bado hujalipa. Na ukilipa, umelipia kula. Hukulipia kuuza. Ukitaka kuuza, kajenge jiko lako."

Scholastika alifikiri. Katika watu wote waliomsemesha siku hiyo, huyu alikuwa wa kwanza kusema neno lililokuwa kweli. Nyumba ilikuwa ya Mwaisha na biashara ilikuwa ya Mwaisha, na hasira yake mwenyewe haikubadili hilo.

"Umesema kweli," alisema. Akampa zile hela nne. Kisha akafungua pindo la kanga akamhesabia nane za sinia. "Na hizi ni za mkekani. Sina deni."

Kwa hiyo hakupata faida hata ya hela moja. Lakini aliporudi uani aliliona lile pengo kwenye ukingo wa sinia, na mkono wa Bi Chausiku uliokuwa umekaa karibu nalo bila kazi, akaona kwamba hela nane za leo zimenunua kitu.

Bi Chausiku hakupaza sauti. "Sisi tukinawa tunaondoka," alisema. "Kiroka kwa dada yangu wanalala wasafiri wangu. Wewe hujui kula na watu, hutajua kulala nao."

"Na barabara je? Nayo ni ya dada yako?"

"Barabara ni ya Mdachi. Muulize yeye akusindikize."

Walimwacha. Aliwaacha watangulie umbali wa mtu kusikia akiitwa, kisha akawafuata. Walipopumzika Bigwa, naye alipumzika, chini kidogo. Walipoanza, alianza. Mara mbili Pili aligeuka nyuma, na mara mbili Scholastika alitazama mlimani kama hakumwona. Kiroka alibisha kwa mjane mmoja Mkristo, Magdalena, ambaye hakumjua, akampa nusu ya chumvi aliyonunua mjini, akalala jikoni kwake. Hakulala sana. Alikuwa akijibu moyoni maneno ya Bi Chausiku moja baada ya jingine, majibu mazuri, yote yakiwa yamechelewa.

Matombo habari ilifika kabla yake. Mama yake alimwambia akaombe radhi. "Nyama ni nini? Utakufa njiani kwa ajili ya nyama usiyoila."

"Sigombanii nyama, mama. Ningekuwa siipendi tu, ningenyamaza. Yeye anajua siwezi kuila, ndiyo maana anaiagiza. Amepata mahali pa kunishika na ameona pananoga."

"Basi mwache anogewe. Wewe una watoto."

"Ndiyo. Na ndio ninaowanyima hela nane kila safari ili mtu mwingine ashibe mara mbili."

Hakwenda kuomba radhi. Safari iliyofuata aliondoka alfajiri ileile, njia ileile, nyuma yao kwa umbali uleule. Mwituni baada ya Mkuyuni aliogopa, akatembea na panga mkononi badala ya tengani. Aliogopa, na woga ule nao akautia kwenye hesabu ya Bi Chausiku. Usiku akalala tena Kiroka, jikoni kwa Magdalena.

Alipomaliza kuuza alikwenda kwa Mwaisha. Hakuketi. Alimwamkia, akaweka hela tano kwenye kiganja chake.

"Wali na kambale."

Mwaisha alizitazama hela, akamtazama usoni. "Utakula, au unafungua duka?"

"Nitakula."

"Kaa hapo kizingitini nikuone."

Alikaa kizingitini. Kambale alikuwa mnono na mchuzi ulikuwa wa nazi. Mkekani walikuwa sita. Sinia ilikuja, na Scholastika, bila kutaka, aliyahesabu mafungu ya nyama. Yalikuwa saba.

Walikula wakamaliza. Mwaisha alipokuja kudai, alidai fedha ileile ya sinia, kwa kuwa sinia ilikuwa ileile. Bi Chausiku akaigawa, akamtajia kila mmoja chake.

"Mbona imezidi?" alisema Pili.

"Tumepungua mtu."

"Tumepungua mtu, nyama haikupungua. Nani aliagiza mafungu saba?"

"Ni sinia ya kawaida."

"Fungu la saba la nani?"

Bi Chausiku alifuta vidole, kimoja kimoja. "La mkubwa."

"Basi mkubwa alilipie."

"Pili, una maziwa mdomoni, nawe unaniuliza hesabu?"

"Hesabu nimeulizwa mimi, bibi, nilipoambiwa nitoe. Mimi ndiye niliyetaka kambale, tena mara zote. Hakuna aliyesikia."

Mwanamke mmoja akasema Pili anyamaze. Mwingine akasema kwa nini anyamaze. Mkeka uliotungiwa sheria ili watu wasigombane ukawaka, na sauti zikatoka uani mpaka vibarua wa barazani wakaacha kutafuna wasikilize. Pili alitupa hela nane mkekani, hakuongeza hata moja. Akachukua tenga lake, akaja mpaka kizingitini.

"Sogea nikae," alisema.

Scholastika hakusogea. Alichomoa mwiba wa kambale, akauweka ukingoni mwa sahani.

"Safari tatu umenitazama nikila wali na chumvi," alisema. "Ulisema nini?"

"Dada Scholastika."

"Nakuuliza. Ulisema nini?"

Pili alibadilisha tenga mkono. "Nilicheka."

"Leo wamekugusa mfuko, ndiyo umeona."

"Ndiyo," alisema Pili. Hakutafuta neno la kujitetea, na pengine hilo ndilo lililomsaidia. "Siwezi kurudi nao sasa. Na peke yangu siwezi. Wewe umeweza mara moja. Ya pili utaweza?"

Scholastika aliukumbuka mwitu wa Mkuyuni, na panga lilivyokuwa likimteleza kwa jasho. Lilikuwa swali la haki. Lilimwudhi zaidi kwa sababu lilikuwa la haki. Alimaliza kambale wake bila haraka, akanawa, akampa Mwaisha sahani mkononi, akajitwisha. Pili alikuwa bado amesimama palepale, uso umemshuka. Nyuma yake mkeka ulikuwa bado unagombana.

"Kiroka hatulali kwa bure," alisema Scholastika. "Kanunue chumvi, kila mtu yake. Kisha utangulie mbele."

"Mbele? Si tutembee pamoja?"

"Tangulia. Sitaki mtu aliyenyamaza awe mgongoni kwangu."

Pili akaenda kununua chumvi. Kisha akatangulia.